Kabari ya Upande wa Bondeni

Zaina, mama yangu,

Umekwenda Mlalo kumuaga bibi yako, na mama yako yuko ndani anafunga mizigo yako utadhani unahamia ng'ambo, kumbe ni Korogwe tu hapo chini. Mimi nimejifungia karakanani. Nimekaa kwenye benchi lako, nimepangusa vumbi la mbao, naandika kwenye daftari la vipimo kwa sababu karatasi nyingine sina. Nataka nimalize kabla hujarudi. Nikiuona uso wako nitaichana hii barua, najijua mimi.

Maagizo sina. Ya chakula, ya nguo, ya kuswali kwa wakati, ya vijana wa mjini, mama yako ameyasema mpaka nawe umeanza kuyaitikia kabla hajayamaliza. Na ya ufundi nimekupa yote niliyokuwa nayo. Kwa randa umenishinda tangu mwaka juzi. Sikukwambia kwa sababu nina roho ya kwa nini, na mwanamume mzima kushindwa na binti yake kunyoosha ubao si jambo la kutangaza. Haya, leo nimetangaza.

Nililobaki nalo ni moja, na linamhusu fundi Hoza, huyo unayemwita baba mdogo, ambaye kesho unakwenda kuanza kazi kwenye karakana yake. Mguu wake wa kushoto, ule usiokunjika, niliuvunja mimi. Si gogo. Si bahati mbaya. Mimi, baba yako. Ukishajua ilivyokuwa, utaamua mwenyewe kama bado unataka kwenda kwake, na utaamua pia utaniangaliaje. Siwezi kukuacha uingie mle ndani ukiwa hujui.

Miaka miwili Hoza ananipigia simu. "Mbuya," ananiambia, maana sisi tunaitana hivyo, rafiki kwa Kishambaa, "mbuya, nipe huyo binti nimfundishe makochi na vitanda vya kuchonga. Mkono wake nimeuona, usiuache ukaozea kwenye milango na madirisha." Miaka miwili nami natafuta sababu. Mara wewe bado mdogo. Mara mama yako hajisikii vizuri. Mara karakana ile ina wanaume watupu. Siku ile ulilia, ukaniambia, "Baba, ningekuwa mvulana ungeshanipeleka." Nilikuacha uamini kwamba baba yako ni mtu wa kizamani anayedharau wanawake, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi kuliko ukweli. Haikuwa hivyo, Zaina. Sikuwahi hata siku moja kukuona pungufu. Niliogopa tu ukae karibu na mguu ule kila siku, uje uulize.

Hadithi unayoijua ni ile uliyokuwa unaidai kila jioni ulipokuwa mdogo. "Baba, sema ulivyombeba baba mdogo." Nami nasema: gogo lilimwangukia Hoza msituni, watu hawakuwepo, nikamtia mgongoni nikashuka naye mlima mzima mpaka barabarani, tukapata lori la kabichi, tukamfikisha hospitali akiwa hai. Ulikuwa unapiga makofi. Na ni kweli nilimbeba. Kila neno la hadithi ile ni kweli, na ndiyo maana imenitafuna hivi.

Sasa sikiliza sehemu niliyokuwa nairuka.

Wakati ule mimi na Hoza tulikuwa wapasuaji wa mbao. Mashine zilikuwa hazijajaa huku Shume kama sasa. Mtu akiwa na mti shambani kwake anatuita, tunaangusha, tunaukata magogo, tunajenga kichanja cha miti kwenye mteremko na kulipandisha gogo juu yake. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia chini, msumeno mrefu kati yetu, huyu anavuta na yule anavuta. Wa juu ndiye anayefuata mstari, ule tunaoupiga kwa uzi uliochovywa kwenye makaa ya betri kuukuu. Wa chini haoni kitu. Anakula vumbi tu, macho ameyafumba nusu, na gogo zima liko juu ya kichwa chake. Kinacholizuia lisigeuke ni kabari, vipande vya mti mgumu vilivyochongwa, viwili upande wa mlimani na viwili upande wa bondeni.

Tulikuwa na sheria, na si sisi tu, wapasuaji wote wa huku walikuwa nayo. Anayeingia chini anakagua kabari kwa mkono wake mwenyewe. Hatumi mtu. Na akishakagua, hakuna wa kuzigusa mpaka gogo liishe kupasuliwa. Watu wote wa milimani wanaijua ile nusu ya kwanza. Nusu ya pili tulikuwa tunaijua sisi wenye msumeno.

Siku hiyo tulikuwa na mkaratusi mbichi, mnene, wa mwalimu mmoja mstaafu, shambani kwake kule msituni. Unaujua mkaratusi mbichi ulivyo mkorofi. Ukiupasua unajibana, unaung'ata msumeno. Dawa yake ni kupiga kabari ndogo kwenye mpasuo ili uachame. Asubuhi Hoza alikagua, akaingia chini, tukapasua vizuri mpaka adhuhuri. Akatoka akaenda kwenye kijito kutawadha. Mimi nikamwambia nitaswali baadaye. Nilikuwa na kiherehere cha kumaliza ule ubao, sina sababu nyingine, ubishi wangu tu wa siku zote.

Msumeno ulikuwa umebanwa. Nikapiga kabari ya mpasuo, ikapasuka vipande viwili. Nyingine hatukuwa nayo. Kuchonga mpya ni kazi ya dakika chache tu, panga lilikuwepo, miti ilikuwepo. Nikaona uvivu. Nikashuka, nikaangalia zile kabari zilizolishikilia gogo, nikachomoa moja ya upande wa bondeni. Nikasimama nikalisukuma gogo kwa mkono. Halikutikisika. Nikajisemea, litakaa hili, uzito wote huu liende wapi? Nikapanda, nikaipiga ile kabari kwenye mpasuo, msumeno ukaachiwa, nikafurahi, wallahi nikafurahi nikaanza na kupiga mluzi.

Kutoka pale juu nilimwona Hoza kwenye majani kando ya kijito, amesujudu.

Akarudi, mikono bado ina maji. Akasimama karibu na kichanja, akaniangalia. "Mbuya, mambo sawa huko?"

Nikasema, "Sawa, ingia."

Hakukagua tena, na kwa nini akague? Alikuwa amekwisha kukagua, na sheria ilikuwa inamlinda. Aliingia chini kwa sababu ya neno langu. Tulivuta mara nne au tano hivi. Gogo likaguna, likageuka taratibu, wala halikuwa na haraka, mimi nikaruka upande wa mlimani, na chini nikasikia sauti ambayo sitaiandika hapa.

Ninayokwambia sasa hayajui mtu yeyote isipokuwa mama yako, aliyeambiwa jana, na mtu mwingine mmoja nitakayemtaja mbele. Hoza alikuwa amelala, mguu chini ya gogo, amezimia. Nikachukua mti nikalinyanyua gogo, nikamvuta. Mpaka hapo nilikuwa mtu. Halafu nikaiona ile kabari, bado imekwama kwenye mpasuo, imenikodolea macho. Nikamwacha Hoza. Nikapanda, nikaichomoa, ikanigomea, nikaigonga kwa nyuma ya shoka, ikatoka. Nikaitupa chini upande wa bondeni, pale ambapo ingekuwa imeteleza yenyewe. Nikaisogeza kwa mguu ikae vizuri. Ndipo nikarudi kumbeba mwenzangu.

Sijui nilitumia muda gani. Kila nikiuhesabu unakuwa mrefu zaidi. Mtu anatoka damu kwenye majani, na mimi napanga kabari!

Watu walipokuja kuangalia walisema tu, ah, Hoza hakukagua. Kwa sababu sheria inasema hivyo: anayeingia chini ndiye anayekagua. Hawakuniuliza hata swali moja. Hoza mwenyewe alipozinduka hospitali akasema, "Labda sikuigonga vizuri asubuhi." Nikamjibu, "Usijisumbue na hayo, wewe pona kwanza." Umeona maneno hayo yalivyo mazuri? Nilikuwa mkarimu sana siku zile.

Baada ya wiki mbili baba yake Hoza alikuja nyumbani. Ulikuwa hujazaliwa. Mzee wa watu alitembea kwa miguu kutoka kwake na ndoo ya matunda ya peasi kichwani. Nikamwamkia shikamoo, nikampokea ndoo, nikamkaribisha kiti. Akakataa kukaa. Akasimama pale mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mwanangu, nimekuja na mambo mawili. Nakushukuru kwa kunibebea kijana wangu. Na nakuomba radhi. Amekuharibia kazi kwa uzembe wake. Nilimlea akague, sijui alikuwa anawaza nini."

Niambie, Zaina, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilisema, "Mzee, ni ajali, yamepita." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ijumaa yake, watu walipotoka msikitini, akasimama barazani akawaambia wote kwamba asilaumiwe mtu, mwanawe amekosea mwenyewe. Nilikuwa nimeketi ukutani nafunga viatu. Nikaendelea kufunga viatu.

Siku ile ndiyo iliyonimaliza, kuliko hata ya msituni. Msituni niliogopa, na mtu akiogopa anafanya ya ajabu. Lakini barazani nilikuwa na akili zangu zote na muda wa kutosha. Ningesema maneno mawili tu: "Nimeichomoa mimi." Wangenipiga labda, wangenifukuza labda. Leo ningekuwa mtu mwingine. Kumbe nilivyonyamaza mara ya kwanza, ya pili ikawa rahisi, na ya tatu sikuihisi kabisa. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa hakika katika maisha yangu, mengine nababaisha.

Umekuwa ukinicheka kwa tabia yangu ya kupiga teke miguu ya meza na makabati kabla sijaanza kazi. "Baba anasalimiana na fanicha," ulisema mbele ya wateja. Sasa unajua. Mkaratusi sijaugusa tena tangu siku ile, wewe ukadhani ni kwa sababu unapinda. Upepo ukivuma kwenye ile mikaratusi ya jirani nasikia sauti yangu mwenyewe inasema "Sawa, ingia." Si ya Hoza, ni yangu, ya kijana, imechangamka. Na ndotoni huwa nimebeba kitu mgongoni nashuka nacho mlima, kizito, nakimbia, watu wananisifu njiani, halafu nikifika barabarani nakishusha nakuta ni kabari. Hapo naamka nimelowa jasho, mama yako ananiuliza, nasema ni baridi. Baridi gani inamtoa mtu jasho!

Na kuna lile la kigoda. Unalikumbuka, najua, maana hukulisahau kwa muda mrefu. Ulikuwa na miaka minane, ukavunja mguu wa kigoda cha mteja, ukasema mbuzi amekiangusha. Nilikuchapa. Nikakwambia nakuchapa si kwa kigoda, ila kwa uongo. Ulilia huku unaniangalia machoni, na mimi nikaendelea kuinua fimbo. Mimi! Nikuombe radhi kwa lipi na nikuache lipi, mwanangu? Anza na hilo.

Hoza hakupanda tena mlimani kufanya kazi. Alishuka Korogwe, akajifunza fanicha akiwa amekaa, mguu ameunyoosha mbele, na leo ana karakana kubwa kuliko yangu mara tatu. Huwa ananitania, "Gogo lile lilinipenda, mbuya, lisingekuja mpaka leo ningekuwa nakula vumbi chini yako." Nikawa najificha humo. Najiambia, si unaona, mambo yamemnyookea, Mungu amegeuza. Nilikuwa naitumia riziki ya mwenzangu kufunika kosa langu. Usije ukafanya hivyo kwa mtu uliyemuumiza. Kama amefanikiwa, amefanikiwa yeye, wewe bado hujasema.

Sasa yule mtu mwingine anayejua. Leo, baada ya kuswali adhuhuri, wewe ukiwa ndiyo kwanza umetoka, nilimpigia Hoza.

"Mbuya!" akapokea kwa furaha. "Mtoto yuko tayari? Nimemtengea benchi la dirishani, penye mwanga."

"Hoza," nikasema, "kaa kitako."

"Mimi si nimekaa siku zote, wewe naye!" Akacheka.

Nikamwambia. Yote, kama nilivyokuandikia hapa, mpaka pale nilipomwacha chini nikapanda kuichomoa. Sikuweka neno la kujitetea, ingawa yalikuja mengi. Nyuma yake nilikuwa nasikia mashine inanguruma, halafu nikasikia akimwambia mtu azime.

Akauliza, "Uliichomoa nikiwa naswali?"

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kama mambo sawa."

"Uliniuliza."

Akaongea kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akasema, "Mguu ni mguu, nimeshauzoea. Lakini baba yangu amekufa ananiona mzembe. Unajua hilo? Kila nikienda kumwona ilikuwa, Hoza, kagua. Nikifunga mlango, kagua. Siku za mwisho nilikuwa nampa dawa kitandani, ananiangalia, ananiuliza, umekagua? Mimi nina wajukuu, ananiuliza umekagua. Na nilimwitikia. Niliona ana haki."

Zaina, miaka yote hii nimeuota mguu. Yule mzee sikumuwaza hata kidogo, nilidhani yeye alikuja kwangu na ndoo ya peasi na habari yake ikaishia hapo. Kumbe nilimvunjia Hoza kitu kingine ambacho sikukiona, na hicho hakina hospitali.

Nikasema, "Nisamehe."

Akajibu, "Usiniharakishe." Baadaye kidogo akasema, "Zaina aje. Benchi lake liko palepale. Wewe usije." Akakata.

Kwa hiyo kesho sitashuka nawe kama tulivyopanga. Nitakufikisha stendi, mama yako ataendelea nawe. Kama hutaki kwenda tena, nitaelewa, na hatutakuuliza. Kama utakwenda, nenda kama fundi, kichwa juu. Huendi kunilipia. Usimfanyie Hoza kazi ya kumbembeleza, usimwombee msamaha wangu, wala usimletee salamu zangu. Akinyamaza siku nzima, mwache anyamaze. Akitaka kuongea, msikilize mpaka mwisho, hata kama anayemsema ni mimi. Na siku utakapokosea mle ndani, maana utakosea, nenda kwake saa ileile, kabla hujagusa kitu kingine. Sisemi hivi kwa wema. Nasema kwa sababu nimeishi na ile njia nyingine.

Na mimi nina kazi yangu. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitasimama barazani, pale aliposimama yule mzee, niseme nani aliichomoa. Wengi waliomsikia wapo bado. Wadogo zake Hoza wapo, na watoto wao. Mama yako amesema kitu kimoja tu tangu jana: kwamba nisiseme kwa kunong'ona.

Habari zitashuka Korogwe kabla ya wiki kwisha, unawajua watu wetu, zitapanda lori pamoja na kabichi. Utasikia wananiita mwongo. Utasikia wengine, wale wanaonipenda, wakisema mzee wa watu amezeeka, anajisingizia. Hao wa pili ndio wabaya zaidi, waambie ni kweli. Na wale wa kwanza, mwanangu, hata wakisema mbele ya benchi lako, hata roho ikuume vipi, usinitetee.

Ni mimi, baba yako.